Mama Mwenye Nyumba na Hamu ya Numbu

Siku niliyokwenda kuulizia chumba pale Makambako, mama mwenye nyumba hakuniuliza nafanya kazi gani. Hakuuliza kama nimeolewa, wala kama napiga redio kwa sauti. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, amejifunga vitenge viwili kwa ajili ya ule upepo wetu usiojua msimu, akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Kwenu wapi?"

"Ipelele, mama. Makete."

"Na huko Ipelele mnakula nini?"

Nikadhani ananitania. Nikajibu kama mtu yeyote anavyojibu: ugali, viazi, maharage.

"Hivyo hata hapa tunakula. Nakuuliza kitu ambacho mama yako anakipata na mimi hapa sikipati."

Ikabidi nifikiri. Nikamwambia kuna njegere za zamani, zile ndogo ngumu, ambazo bibi yangu bado anazipanda kando ya nyumba. Haziivi mpaka usahau kwamba uliziinjika, lakini zikishaiva, mchuzi wake...

Sikumaliza. Alikuwa ameshasimama, funguo mkononi.

"Chumba cha pembeni," akasema. "Kina dirisha. Ukienda likizo, usirudi mikono mitupu."

Ndivyo nilivyopata chumba, na ndivyo wenzangu wote pale uani walivyopata vyao. Mimi nilikuwa karani kwenye ghala la mbao, lakini jina hilo la kazi halikuvuka geti. Ndani ya uzio niliitwa Njegere. Mwalimu mmoja binti, kutoka mwambao wa Ludewa, aliitwa Mbasa, kwa heshima ya yule samaki wa Ziwa Nyasa ambaye kila mwaka anazidi kuwa hadithi. Fundi mwashi wa upande wa Ilembula, mtu mwenye mabega mapana kama mlango, aliitwa Mtama. Asubuhi ungemsikia mama akipanga dunia yake: "Mbasa, funga bomba! Mtama, nani ameacha taa inawaka? Njegere, mwanangu, umelalaje?" Kuna siku mzazi wa mwanafunzi alikuja kumtafuta yule mwalimu, akamtaja kwa jina lake la ubatizo. Mama akamjibu kwa adabu kabisa kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo, tunao Mbasa, Mtama na Njegere. Yule mzazi akaomba radhi, akaondoka akidhani amegonga mgahawa.

Usidhani kila mtu alipokelewa. Kijana mmoja wa benki alikuja na gari, akataka chumba kikubwa cha mbele, kile ambacho wote tulikuwa tunakitamani. Alipoulizwa kwao wanakula nini, akacheka, akasema kwao ni mjini, wanakula kila kitu. Mama akamshukuru kwa kufika, akamtakia kazi njema, akafunga geti.

"Mama, si angelipa vizuri?" Mtama akauliza.

"Mtu anayekula kila kitu hana kwao," akasema. "Leo anakula hiki, kesho anakuhama kama alivyohama chakula chake."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na hakuyatoa kama methali. Aliyasema huku anachambua mchele au anatafuta ndala. "Shibe haina kumbukumbu," alipenda kusema. "Anayekumbuka ni mwenye hamu." Na mtu akilalamika kwamba chakula cha siku hizi hakina ladha, hakukubali haraka. "Ladha ipo," angesema. "Mwenye nayo amehama."

Ugonjwa wake huu wa kutaka kujua chakula kimetoka wapi ulitufedhehesha mara nyingi. Kwenye harusi ya jirani mshereheshaji alimpa kipaza sauti, kama mama mkubwa wa mtaa, awape maharusi neno la hekima. Akakishika kwa mikono miwili, akamtazama bwana harusi kwa huruma, akasema: "Baba, huu mchele mmeutoa wapi?" Watu wakapiga makofi na vigelegele wakidhani ni fumbo la ndoa. Mzee mmoja wa kanisa akaanza hata kulifafanua. Lakini mama hakuwa anafumba. Alisubiri jibu, na alipoona halijitokezi akarudisha kipaza sauti na kukaa. Tukiwa njiani kurudi alinung'unika, "Mchele wa Kyela ule, wamechanganya na wa dukani. Wanaanza ndoa kwa kuchanganya."

Kwa jinsi alivyokuwa akizungumzia chakula, ungedhani ni mpishi hodari. Mimi nilidhani hivyo mpaka likizo yangu ya kwanza. Nilirudi kutoka Ipelele na mfuko wa zile njegere, nikamkabidhi, akazipokea kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Akasema leo nipumzike, atapika mwenyewe. Mtama aliponiona natabasamu akanivuta pembeni.

"Umempa azipike yeye?"

"Amesema mwenyewe."

"Mungu atusaidie," akasema Mtama, na akaenda kununua mkate.

Mama mwenye nyumba hakujua kupika kabisa. Marehemu mume wake ndiye alikuwa mpishi, kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi, na miaka yote ya ndoa yao mama alikula kwa mkono wa mume. Yeye alijua ladha tu, kama vile mtu anavyoweza kujua kwaya nzuri bila kuimba. Siku hiyo aliziinjika njegere, akakaa kuzisubiri, akasinzia. Zilipoungua, moshi ulimwamsha jirani wa nyuma kabla haujamwamsha yeye. Akapakua hivyo hivyo. Akala sahani nzima, akachukua na ukoko.

"Zimeungua, mama," nikamwambia.

"Pembeni tu," akasema. "Katikati zipo."

Toka siku hiyo sheria ikawa hivi: mleta chakula ndiye mpishi wake, na mama ni mlaji mkuu.

Tena kuna jambo la maparachichi. Nyumba ile, bati jipya, geti la chuma, hata kile kigoda, vyote vilitokana na shamba la miparachichi alilokuwa nalo pembezoni mwa mji wa Njombe. Mnunuzi alikuja na lori, akachuma, akaondoka. Lakini mama hakuwahi kuweka parachichi mdomoni. "Linateleza kama ahadi," alisema. Mtama akila lake pale uani, kwa chumvi na mkate, mama aligeuza kigoda akatazama ukuta. Mbasa alimwambia wazi kwamba ni dhambi kuchukia mkono unaokulisha.

"Siuchukii," mama akajibu. "Naishi nao. Lakini pale yalipo maparachichi, mwanangu, palikuwa na numbu."

Hapo ndipo tulipofika kila mara. Ungeanza na hali ya hewa, ungeanza na bei ya saruji, ungeishia kwenye numbu.

Kwa asiyezijua: numbu ni viazi vyembamba kama vidole vya mtu, vimejaa vifundo, ukivitazama haraka utadhani tangawizi. Huchimbwa wakati wa baridi, vikachemshwa kwa chumvi tu, basi. Mama alisema zamani, mwezi wa sita, ukitembea vijiji vya Njombe asubuhi wakati sakitu, ule umande ulioganda, bado iko kwenye majani, kila nyumba ilikuwa na chungu chake, na hakuna aliyefikiri kwamba ni kitu cha kukumbuka. Halafu yakaja mahindi ya kuuza, viazi mviringo vya kuuza, miti ya mbao, miparachichi. Hakuna aliyezifukuza numbu. Watu walikosa tu mahali pa kuzipanda, mwaka mmoja, na mwaka uliofuata wakakosa mbegu.

Jumamosi moja ya baridi kali mama aliniambia nivae koti, tunakwenda Njombe kutafuta. Sokoni tulizunguka mpaka miguu ikawaka. Kila muuzaji alisema zilikuwepo wiki jana. Kijana mmoja akatuita kwa uhakika kabisa, "Numbu hizi hapa, mama, mpya!" Mama akachukua kimoja, akakivunja, akakinusa, akamrudishia kwa upole wa kutisha.

"Mwanangu," akasema, "hii ni chai."

Kijana akakiri kwamba ni tangawizi, ila hakutaka mama aondoke bure. Ni muuzaji mmoja bibi, aliyekuwa anauza maharage pembeni, ndiye aliyetuhurumia. Akasema kama kuna mtu mwenye numbu basi ni mzee wa bustani kule misheni, nje ya mji, lakini tusijisumbue, kwa sababu hauzi.

Tukajisumbua. Tulimkuta anapalilia kabichi, mzee mrefu mkavu, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kamwene," mama akamsalimu.

"Kamwene, mama."

"Tumesikia una numbu."

"Ninazo."

"Tumekuja kununua."

"Siuzi. Nyingine nakula, nyingine narudisha ardhini." Akaegemea jembe lake, akamtazama mama vizuri. "Kwani wewe umeleta nini?"

Nilimwona mama akishtuka. Maisha yake yote alikuwa ameuliza swali hilo, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye.

"Sijaleta kitu," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi siku nyingine."

"Unataka nini, mzee?"

Mzee akafikiri kama mtu anayechagua kitu kwenye duka kubwa. Akasema aliwahi kufanya kazi misheni moja ya Ludewa alipokuwa kijana, na huko alikula mbasa wa kukausha kwa moshi. Hajamwonja tena tangu alipoondoka. Sokoni wanampa samaki wengine na kumdanganya jina.

Tukarudi Makambako mpaka getini. Hapo akaita kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Mbasa! Shule zinafungwa lini?"

Maskini mwalimu alikuwa amepanga kutumia likizo kumtembelea mchumba wake Iringa. Aliombwa, akabembelezwa, akaahidiwa chumba kikubwa cha mbele. Mwishowe alikwenda kwao ziwani, na mchumba akaambiwa asubiri. Alirudi na mbasa mmoja tu, mkubwa, mweusi kwa moshi, aliyefungwa kwa magazeti na kanga. Alituambia baba yake alizunguka kwa wavuvi karibu wiki nzima kumpata. Jumamosi iliyofuata mimi na mama tulimpeleka Njombe. Harufu ya samaki ilitupatia viti vya mbele vya basi bila kuomba.

Mzee wa bustani alimfungua yule samaki taratibu. Akamnusa, akafumba macho hadi nikaanza kutazama pembeni. Halafu akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo kilichofunikwa majani.

"Mama, nisikilize," akasema. "Hizi si za kula. Hizi ni mbegu. Ukizipanda mvua zikianza, mwakani utakula wewe na watu wako wote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Sema."

"Si za kula. Ni mbegu."

Naweza kushuhudia kwamba alikuwa na nia njema mpaka tunashuka Makambako. Ndipo akasema lazima tuonje kimoja, maana hatuwezi kupanda kitu tusichokijua. Nikachemsha kimoja. Tulikuwa wanne, kila mtu akapata kipande cha ukubwa wa ukucha. Mama akasema kimoja hakitoshi kujua, huenda hicho kilikuwa kibovu. Nikachemsha vitatu. Mtama akasema tubakize nusu, nusu inatosha kwa mbegu. Baadaye Mbasa, ambaye alikuwa na haki kuliko sisi sote, akasema hata robo inatosha, mradi ipandwe kwa uangalifu. Hakuna aliyesema tuzimalize. Tuliendelea tu kusogeza mpaka, kidogo kidogo, na ilipofika wakati wa kulala kikapu kilikuwa na majani matupu.

Mtama ndiye aliyeuliza.

"Mama, sasa tutapanda nini?"

Mama alitazama kikapu. Mafuta ya furaha yalikuwa bado yanang'aa usoni mwake, lakini macho yalikuwa yameanza kuogopa.

"Tumekula shamba," akasema.

Wiki nzima aliishi kama mgonjwa. Mimi nilimshauri aseme zimeoza, Mtama akashauri panya. Alitukatalia. Jumamosi alivaa nguo zake za kanisani, akanichukua nikamsindikize, tukarudi misheni. Mzee alikuwa bustanini. Mama alisimama mbele yake kama mtoto wa shule.

"Mzee, zile mbegu nimezila."

"Zote?"

"Zote."

Mzee akashusha jembe. Nikajiandaa kwa maneno makali. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, na ikanichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Kila niliyempa amezila," akasema. "Kila mtu. Wengine wakaniambia ukungu, wengine fuko. Mmoja aliniambia zimeibiwa na watawa. Wewe ndiye wa kwanza kurudi kusema."

Akampeleka mwisho wa bustani, akamwonyesha tuta moja tupu.

"Hili lako. Mvua zikianza utapanda hapa, utapalilia hapa, utachimba hapa. Chini ya macho yangu. Sikuamini hata kidogo."

"Hata mimi sijiamini," mama akasema.

Basi kuanzia hapo kila Jumamosi mama alipanda basi la Njombe na jembe lake fupi limefungwa kwenye mfuko. Mwanamke ambaye hakuweza kupika njegere alijifunza kupalilia uzeeni. Alirudi jioni na udongo kwenye kucha na habari zisizokwisha: mzee amesema hivi, mzee amekataa vile, mzee hajui kabisa kuchagua chumvi. Mtaani watu hawakukosa kuhesabu hizo Jumamosi. Mama alikuwa Mlutheri wa siku zote, na sasa anaonekana mara kwa mara kwenye misheni ya Wakatoliki. Mwishowe mzee wa usharika alitumwa kuja kumwona. Alikunywa chai yote kwanza, ndipo akakohoa.

"Mama, tunasikia unabadili."

"Nabadili nini?"

"Dhehebu, mama."

"Wapi! Nimebadili mlo tu."

Hilo lilikuwa kweli mwanzoni. Mimi ndiye niliyemwona siku moja akijitazama kwenye kioo cha dirisha la basi, akipanga kilemba, huku ameshika jembe.

Kazi ikanihamishia Ludewa, nikaolewa huko, miaka ikapita. Habari zake nilizipata kwa Mtama, ambaye alikuwa anapita kwetu akijenga. Aliniambia mama alimfuata mnunuzi wa maparachichi, akamwambia apunguze hesabu yake, kisha akakata miti yote ya upande wa chini. Pale akajenga kanyumba na kuhamia na mzee wa bustani, baada ya ndoa ndogo ambayo ilizungumzwa na makanisa mawili kwa muda mrefu kuliko harusi kubwa. Jumapili kila mmoja alikwenda kanisani kwake, wakakutana mchana mezani.

Halafu mwaka huu, baridi ilipoanza, simu yangu ikaita.

"Njegere! Numbu zimekuwa tayari."

"Hongera, mama! Nikija Njombe nitapitia."

"Usipitie," akasema. "Njoo."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake, nikaenda wiki ile ile. Nilimkuta amepungua, vitenge vimekuwa vitatu. Kumbe alishikwa na mafua makali miezi iliyopita, ya kulazwa. Alipona, lakini pua na ulimi havikurudi; hasikii tena harufu wala ladha. Daktari alimwambia asubiri, huenda vitarudi, huenda visirudi. Aliniambia hayo yote akiwa amesimama ukingoni mwa shamba, na mbele yetu matuta ya numbu yalishuka mpaka bondeni.

"Usinipe pole," akasema. "Pole ninazo za kutosha. Ingia ndani."

Mzee alikuwa ameshachemsha. Aliweka bakuli mezani, likitoa mvuke, akanikaribisha. Mama akavuta kiti akakaa mbele yangu, karibu, kama mtu anayetaka kunyolewa.

"Kula," akasema. "Halafu niambie."

"Nikuambie nini, mama?"

"Zikoje. Huyu," akamwonyesha mume wake kwa kidole, "kila siku namuuliza, kila siku ananijibu 'nzuri'. Mwanamume mzima, kazipanda maisha yake yote, ana neno moja!"

"Si ni nzuri kweli," mzee akasema taratibu.

"Umesikia?" mama akaniambia.

Nikachukua moja, nikaimenya, nikala. Wote wawili walikuwa wananitazama mdomo.

"Tamu," nikasema.

"Tamu ni sukari! Sikukuita toka Ludewa uje kuniambia sukari. Tafuna tena."

Nikatafuna tena, polepole. Niliogopa kama sijawahi kuogopa chakula.

"Inaanza kama kiazi cha kawaida," nikasema. "Kavu kidogo. Unga. Halafu... katikati inabadili mawazo."

Mama alipiga meza mpaka bakuli likaruka.

"Hapo! Hapo hapo!" Macho yake yalikuwa yamejaa maji na anacheka. "Inabadili mawazo, enhe, inaelekea wapi?"

Sikuwa na uhakika. Nikachukua nyingine.